Bismarck Hafutiki

Ubao wa darasa langu haujawahi kufutika ukatakata. Dasta yenyewe ni kipande cha godoro, chaki ni zile za bei rahisi zinazomwaga unga kama muhogo, kwahiyo ukiingia kipindi cha tatu ukaandika mada yako ya historia, chini yake unaona kwa mbali logarithimu za mwalimu aliyetoka, na chini ya logarithimu kuna mchoro wa figo wa jana, na ukichimba sana nadhani utakuta mpaka mambo ya 2019. Miaka yote nilikuwa namgombeza monita. Kila Jumatatu maji na kitambaa, lazima. Mpaka nilipokuja kumuona mzee mmoja wa Afrika Kusini anaendesha maisha yake kwa uchafu uleule ninaougombeza mimi.

Anaitwa William Kentridge. Nisiwadanganye, sikumjua kwa kusoma. Nilikuwa nimejilaza kwangu Nyegezi, hapa Mwanza, mvua inanyesha, bando la usiku linakaribia kuisha muda na nisipolitumia linakufa, basi nikawa nabonyeza tu chochote YouTube inacholeta (haya ndo yanatufanya tuamke na macho mekundu asubuhi, ila tuyaache). Ikaja video nyeusi na nyeupe, mtu amechorwa kwa mkaa, jibaba limevaa suti ya mistari, nyuma yake umati unatembea, na cha ajabu kila kinachosogea kinaacha alama pale kilipokuwa. Mkono ukinyanyuka, mkono wa mwanzo unabaki pale kama moshi. Nikajisemea, huyu ndugu naye dasta yake ya godoro.

Kumbe ndo staili yenyewe. Katuni za kawaida kila mwendo una mchoro wake, yeye anabandika karatasi moja kubwa ukutani, anachora kwa mkaa, anatembea mpaka kwenye kamera, anapiga picha moja au mbili, anarudi kwenye karatasi, anafuta kidogo anaongeza kidogo, anarudi tena kwenye kamera, nenda rudi nenda rudi siku nzima kama mtu aliyesahau funguo. Na sekunde moja ya filamu inakula picha kama 24, piga hesabu mwenyewe dakika nane ni safari ngapi. Alianza mfululizo wa filamu hizo 1989, ya kwanza inahusu Johannesburg, mji aliozaliwa 1955, na kufika 2020 zilikuwa zimefika 11. Filamu nzima inaweza kutoka kwenye karatasi chache tu, ila kila karatasi imeteseka.

Sasa ningeishia hapo ningesema nimeona mchoraji, basi, nikalala. Kumbe mtu huyohuyo anaongoza opera, yale maigizo ya Kizungu ya kuimbwa. Brussels 2005 alisimamisha jukwaani opera ya Mozart, ile ya kijana anayepewa filimbi ya ajabu, michoro yake ya mkaa inamulikwa nyuma ya waimbaji na kujichora yenyewe huku wanaimba. New York 2010, kwenye Metropolitan Opera, akafanya ya mtunzi Mrusi Shostakovich iliyotoka kwenye hadithi ya mwandishi Gogol, na hii nikiwasimulia wanafunzi wangu darasa linakufa kwa kicheko: afisa mmoja wa Urusi anaamka asubuhi anajipapasa usoni, pua haipo. Anaenda kuitafuta mjini, anaikuta imevaa sare, ina cheo kikubwa kuliko chake, inamwangalia kwa dharau. Dogo mmoja anayekaa dirishani akauliza, "Madam, sasa ilikuwa inamwangalia na nini?" Swali zuri, sikuwa na jibu.

Kuhusu opera yenyewe nikiri tu. Siku ya kwanza niliweka sauti kubwa, mama wa jirani akapita kwenye dirisha akaniita kwa upole kabisa, mwalimu, kwema? Alidhani nimepata taarifa ya msiba. Na mimi mwenyewe ilinichukua kama wiki mbili hivi sikio likubali. Kuna watu wanapenda kusema ngoma za Bulabo, zile za Bujora pale Kisesa kila Juni, ndo opera yetu Wasukuma, na mimi huwa sipendi huo msemo, Bagika na Bagalu, yale makundi mawili hasimu ya ngoma, hawahitaji kuazima jina Ulaya ndo waonekane wana maana, wamegombea watazamaji vizazi na vizazi na watu wanajua nani kashinda kwa kuangalia umati umekimbilia upande gani. Ila nakubali kitu kimoja, ukishasimama pale ukaona mtu anaimba, anacheza na jembe, amevaa mavazi yake, ana vituko vya kuvuta watu, vyote kwa mpigo, huwezi tena kushangaa Mzungu wa Johannesburg anapochanganya mchoro, muziki na kivuli. Unashangaa tu kwamba kuna watu waliwahi kuvitenganisha.

Halafu anafundisha. Hapa ndo nilipokaa kitako.

Maana historia ya huyu mzee ni historia ya kufeli kwa mpangilio. Alisoma siasa na masomo ya Afrika pale chuo cha Wits, babake ni wakili Sydney Kentridge, mmoja wa waliomtetea Mandela kwenye ile kesi ya uhaini na baadaye akaisimamia familia ya mwanaharakati Steve Biko 1977 kwenye uchunguzi wa kifo chake, kwahiyo unaweza kuona presha iliyokuwepo nyumbani. Yeye akaenda kujifunza uchoraji, akafundisha kidogo uchapaji wa picha palepale alipojifunzia, akaona haendi mbali, akaenda Paris mwanzoni mwa miaka ya 80 kwenye shule ya Jacques Lecoq kusomea uigizaji, huko akagundua kuigiza hawezi kabisa, na hili anasimulia mwenyewe hadharani bila aibu. Akajaribu na mambo ya filamu. Mwisho akarudi kwenye mkaa na karatasi kama mtu anayerudi kijijini na begi tupu, na kila alichofeli akakitia kwenye mchoro. 2012 Chuo Kikuu cha Harvard wakamwita kutoa mihadhara sita, akaipa jina la masomo ya kuchora. 2016 akafungua na Bronwyn Lace kituo Johannesburg, wasanii wa kila aina wanakutana kujaribu vitu bila kuahidi kwamba vitafaulu, na jina la kituo limetoka kwenye methali ya Kitswana: daktari mzuri akishindwa kukutibu, mtafute yule asiye mzuri sana. Yaani wazo zuri likikwama, lifuate lile la pembeni ulilokuwa unalidharau.

Nikakaa na hiyo methali wiki nzima. Mimi nina mwaka wa kumi na moja kazini, na sijawahi kuambiwa kwenye semina yoyote kwamba mwalimu anaruhusiwa kuwa daktari asiye mzuri sana.

Kilichoniingiza kwenye matatizo hasa ni kazi yake ya 2018 iliyofanyika London, kwenye ule ukumbi mkubwa wa jumba la sanaa la Tate Modern, jukwaa refu kama nusu ya uwanja wa mpira. Inahusu Waafrika waliobebeshwa mizigo kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, na jina lake ni methali ya Ghana, kwamba kichwa na mzigo ndo taabu za shingo. Waimbaji, wanamuziki na wacheza wanapita kwenye msururu, mwanga unawapiga kwa mbele, vivuli vyao vinapanda ukutani vikubwa kuliko wao na kuchanganyika na michoro mpaka hujui mtu ni yupi na mkaa ni upi. Muziki ni wa Philip Miller na Thuthuka Sibisi. Na kuna kipande Mkutano wa Berlin unachezwa kwa maneno yasiyo na maana kabisa, milio mitupu, kwa shairi la Mjerumani Kurt Schwitters. Wakubwa wanagawana bara na kinachotoka mdomoni ni brrr na krrr.

Mimi nafundisha Mkutano wa Berlin kila mwaka. Novemba 1884 mpaka Februari 1885, mataifa 14, mwenyekiti Bismarck, kansela wa Ujerumani, Mwafrika hakuna hata mmoja mezani. Vijana wanakariri kwa Kiingereza, wanaandika kwenye mtihani, wanasahau siku ya Ijumaa. Na nikikaa kimya darasani kwangu wakati wanakariri kwa sauti, kiukweli ninachosikia ndo kilekile cha London, brrr na krrr. Tofauti ni kwamba wale walikuwa wanafanya makusudi.

Na uzito wa hili kwetu Mwanza sijui kama watu wa nje wanauona. Sisi huyo Bismarck tunaye, amekaa ziwani. Ukitoka Kamanga unakwenda Capri Point lile jiwe liko palepale limebebana na mwenzie juu ya maji, watu wanapiga picha za harusi, picha za birthday, liko kwenye kila bango la jiji, na jina ni lake. Vijana wangu walikuwa hawajawahi kuunganisha, kwao Bismarck wa daftari ni mtu na Bismaki wa ziwani ni jiwe. Waingereza waliingia mji huu Julai 1916, na pande zote mbili zilikuwa zinabebewa risasi na unga na watu wa huku, mamia ya maelfu Afrika Mashariki nzima, wengi wao hawakurudi na makaburi hawana. Kilichobaki cha wale wa Waingereza ni jina la soko, Kariakoo, ambalo ni jina la kikosi cha wabeba mizigo, Carrier Corps, lililotafunwa na midomo yetu, na tunalitaja kila siku tukiulizia bei ya vitenge.

Nikawapa kazi wakaulize nyumbani. Wengi walirudi mikono mitupu. Binti mmoja akaja na jibu lililonivuruga, alisema bibi yake kacheka akamwambia upagazi si aibu, zamani zile kijana wa Kisukuma au Kinyamwezi asiyewahi kubeba meno ya tembo mpaka pwani hata mke alipata kwa shida, ilikuwa ni kazi ya malipo na ya sifa. Na bibi yuko sahihi kabisa. Kwenye misafara ya karne ya 19 wapagazi walikuwa na nyimbo zao, viongozi wao, na wakidhulumiwa waligoma au kutoroka na mzigo. Vita ndo ilikuja ikachukua shingo zilezile ikazifunga kamba. Sasa hilo kwenye mtihani unaliandika wapi?

Basi nikaamua tuchore.

Mkaa wa jikoni haufai, nilinunua sado nzima nikajua nimemaliza, kumbe mgumu, unachana karatasi. Dogo wa dirishani ndo alituokoa. Unachukua vijiti vyembamba vya mpera, unavimenya, unavipanga ndani ya kopo la maziwa ya unga, unafunika, unatoboa katundu kamoja kwa msumari, unaweka motoni. Moshi utatoka kwenye tundu mweupe mzito, ukikata unaipua, na hapa ndo penyewe, usifungue mpaka kopo lipoe kabisa, ukifungua na moto wake hewa inaingia vijiti vinakuwa majivu mbele ya macho yako. Kopo la kwanza tulifungua. La pili tukasubiri, vikatoka vijiti vyeusi laini, ukivigusa tu karatasi inapokea. Kufutia, wachoraji wa zamani walitumia mkate, ule ulaini wa ndani unaufinyanga kama tonge. Mikate miwili ilitumika kufutia. Mingine mitatu sijui ilienda wapi, na hakuna aliyekiri.

Simu yangu tukaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye stuli iliyowekwa juu ya meza, mtu asiiguse. Tukakubaliana picha 10 kwa sekunde, ya 24 tumwachie mwenyewe. Mchoro ni mpagazi anatoka kushoto kwenda kulia, kichwani ana kasanduku, na kila akipiga hatua mzigo unakua, sanduku linakuwa pipa, pipa linakuwa mtumbwi, mtumbwi unakuwa meli.

Fundi wetu mkuu, kabla hatujaanza, kwa masihara tu akachora katikati ya karatasi Jiwe la Bismarck. Kalichora vizuri mno, lile jiwe la juu linavyokaa kama linataka kudondoka na halidondoki. Nikamwambia futa, hatuko huko. Akafuta kwa mkate. Likabaki. Akafuta tena, akatemea mate kidogo, ndo akaharibu kabisa, mkaa ukazama ndani ya nyuzi za karatasi. Karatasi kubwa kama ile tulikuwa nayo moja tu. Tukaendelea nayo hivyohivyo, na sasa kwenye filamu yetu ya sekunde 43 mpagazi anatembea, anafika katikati, anapita ndani ya jiwe kama ukungu, anatokea upande wa pili na mzigo umeongezeka. Hatukupanga. Nikiwaonyesha watu wanadhani tulikaa kikao kulifikiria.

Sauti ikawa kazi ya kijana mmoja ambaye nyumbani kwao wana kibanda umiza, ameshiba wale jamaa wanaotafsiri muvi juu kwa juu, anaweza kukutafsiria hata tangazo la sabuni. Nikamwambia niletee Mkutano wa Berlin lakini sitaki Kiingereza cha daftari. Alichofanya, mjomba wake ni dalali kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Akageuza mkutano mnada wa dagaa. "Kongo hii hapa mbichi imetoka sasaivi, nani anaweka mkono, Ubelgiji elfu tano, Mfaransa elfu sita, haya Mjerumani Tanganyika unachukua na ndoo au bila ndoo?" Kwaya nyuma inaitikia kama wabeba makreti, hoo, hoo. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu, maana nilikuwa nacheka machozi na sitaki waone.

Hapa niseme na la moyoni kuhusu Kentridge, maana nisionekane nimeokoka kwake. Kazi zake nyingine zinanichosha. Jicho linavutwa huku, sikio kule, maandishi yanapita, mtu anaimba, mwingine anachora, na unatoka hujui ulitakiwa ushike nini. Na lile swali la nani anasimulia mzigo wa nani, mtoto wa wakili mkubwa, ukumbi wa London, lipo na halijibiwi kwa kusema muziki ulikuwa mzuri. Nililiweka darasani. Binti wa bibi akajibu kwamba kama sisi tulikuwa kimya tusimlaumu aliyeongea, mwingine akamjibu hatukuwa kimya, tulikuwa tunakariri. Kengele ikagonga.

Tulipanga kuonyesha kwenye mahafali ya kidato cha nne. Ratiba ilikuwa saa moja usiku, giza likiwa limeingia, projekta ya kuazima, shuka jeupe, kwaya pembeni. Mgeni rasmi akawahi. Mgeni rasmi kuwahi, we ushawahi kuona wapi? Akasema ana safari, kila kitu kikasogezwa saa nane mchana, chini ya turubai, jua la Mwanza mnalijua. Tukawasha projekta. Kwenye shuka hakuna kitu. Ukisogea karibu kabisa unaona kitu kama doa la chai kinatembea.

Mkuu wa shule ananiangalia. Kijana wa mnada ameshashika maiki, hajui aseme nini, akaamua kuanza tu, Kongo hii hapa mbichi. Kwaya hoo. Na hapo mimi sikusema neno, naapa, yule fundi wa jiwe alinyanyuka akachukua kiti chake cha plastiki akakiweka kichwani akaanza kutembea mbele ya shuka, kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, mguu mmoja mmoja vile tulivyomchora. Wa pili akabeba meza. Wa tatu ndoo ya maji ya kunawa. Wakafuatana, wakifika mwisho wanazunguka nyuma ya turubai wanarudi na mzigo mkubwa zaidi, viti viwili, viti vinne, mwishoni sita wakabeba meza kuu ya akiba ikiwa bado na kitambaa chake cha rangi ya chungwa, na jua lilikuwa upande ule, vivuli vyao vyote vimelala kwenye vumbi mbele ya wazazi. Nimewaona wanafunzi wakibeba viti kichwani maisha yangu yote, kila mahafali, kila kikao cha wazazi, mimi mwenyewe nimebeba. Siku ile nilikuwa kama sijawahi kuona.

Bibi mmoja mstari wa mbele akaanza kupiga vigelegele. Mwingine pembeni yake alikuwa anajifuta macho na kanga. Mgeni rasmi alipiga makofi na kuangalia saa.

Baadaye Mkuu akaniita, "Madam, igizo lilikuwa zuri, lakini ile filamu tuliyoazimia projekta iko wapi?"

Jumatatu niliingia kidato cha pili, somo linaendelea, Vita ya Kwanza. Mtu alikuwa ameshachora jiwe kwenye ubao, kwa chaki, mchana kweupe, na mtu mwingine alikuwa ameshajaribu kulifuta na lile godoro. Monita akanyanyuka haraka na kitambaa cha maji. Nikamwambia kaa. Nikaandika tarehe juu yake.